Kuiacha ILR ya Uingereza na kurudi Pangani moja kwa moja: niitunze au niiache ife?

Mwana_Pangani

Assalaam alaikum, na habari zenu wakuu wote. Naomba mawazo ya waliokwisha kurudi nyumbani moja kwa moja kutoka Uingereza wakiwa na ukaazi wa kudumu, yaani ILR. Simaanishi waliokwenda kusoma wakarudi, wala waliochukua paspoti ya kule. Hao mambo yao ni mengine.

Nirudi au nisirudi, hilo limeshakwisha ndani ya nyumba yangu. Mtoto wa mwisho akimaliza mitihani yake mwezi wa sita, mimi nafungasha. Mke wangu atabaki mwaka mmoja hivi mpaka huyo mtoto akae sawa chuoni, kisha atanifuata. Ninachouliza ni nifanye nini na hii ILR nikishaondoka.

Nijieleze kidogo mjue mnamshauri nani. Nina miaka 53. Niliingia Uingereza mwaka 2004, ILR nikaipata 2012. Nilianza kwa kufagia maofisi usiku, nikabeba maboksi ghalani, na sasa ni miaka mingi naendesha basi la abiria hapa Leicester. Kazi yangu naipenda, kwa hiyo asije mtu akadhani nakimbia kitu. Nchi hii imenilelea watoto. Mkubwa ni fundi umeme mwenye cheti chake, wa pili ni muuguzi. Nilipopasuliwa kidole tumbo sikuulizwa hata senti. Naondoka nikishukuru.

Paspoti yangu ni ya Tanzania mpaka leo, na hilo nililifanya kwa makusudi. Sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Ukila kiapo cha wengine, wa kwetu umeuacha. Na mimi nina shamba la minazi aliloniachia baba, ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Babu kazikwa humo. Sikutaka siku moja niambiwe kwamba kwenye shamba hilo mimi ni mgeni.

Sababu za kurudi ni mbili, na zote zina majina. Ya kwanza ni mama. Ana sukari na presha, na dada anayemuuguza magoti yake mwenyewe yamekwisha. Ya pili ni hilo shamba. Mwezi uliopita nilipigiwa simu: mkwezi anasema kaangua nazi mia nane, msimamizi anasema alizozihesabu chini ni mia tano, na mnunuzi kutoka Tanga kalipia mia nne. Nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha madereva, chai mkononi, dakika kumi kabla ya zamu. Kila mmoja akaniapia. Kifuo kiko pale pale chini ya mnazi, nazi zinafuliwa, makumbi yanabaki rundo, ungekuwepo ungeyahesabu hata makumbi ukajua. Lakini mimi niko Leicester, nawasikiliza watu watatu wakinipa hesabu tatu za mali yangu, na wote watatu nawahitaji. Nimechoka kulimiliki shamba kwa simu.

Sasa ILR. Sheria yake mnaijua: ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo, inakufa yenyewe. Hakuna barua unayoletewa wala fomu unayotia saini. Rafiki zangu wa msikitini wananiambia jambo moja wote: usiiache. Kila baada ya mwaka na nusu kata tiketi, ingia, kaa wiki mbili kwa mwanao, ondoka. Saa inaanza upya. Wawili kati yao ndivyo wanavyofanya na hawajawahi kusumbuliwa.

Kinachonikwaza ni dirisha la pale uwanja wa ndege. ILR ni ruhusa ya mtu anayeishi kule. Anayerudi ndani ya miaka miwili anatakiwa awe anarudi kuishi, siyo kusalimia. Afisa ana haki ya kuniuliza, "Unaishi wapi?" Nimjibu nini? Nikisema Leicester, nimesema uongo. Nikisema Pangani, nimeiua mwenyewe pale pale. Najua wengi hawaulizwi. Lakini mimi sikuipata hii karatasi kwa uongo hata wa neno moja, nimelipa kila ada na nimefanya ule mtihani wa maisha ya Uingereza, na sioni raha ya kuishikilia kwa kusali nisiulizwe swali la kweli.

Mke wangu hakubaliani nami, na hoja zake ni nzito. Ada ya ILR peke yake sasa imepita paundi 3,000 kwa mtu mmoja. Mwaka 2025 serikali ya hapa ilitangaza mpango wa kusogeza muda wa kuisubiri kutoka miaka mitano hadi kumi kwa watu wengi. Na watoto wetu, ingawa ni raia, hawawezi kumleta mzazi kirahisi. Njia ya mzazi tegemezi inataka uwe huwezi hata kuvaa wala kula bila kusaidiwa, na msaada huo uwe haupatikani kwenu. Kwa hiyo nikiiacha, nimeiacha. Anasema: "Leo una nguvu unaona huihitaji. Ukifika sabini na figo zimegoma, utanililia mimi."

Waliopita njia hii, mlifanyaje? Na aliyeiacha ikafa, maisha yakoje baada ya hapo? Msinifiche.

---

Mtoto_wa_Barking

Mkuu salaam. Mimi nitakuwa tofauti na utakachopenda kusikia. Umekaa zaidi ya miaka ishirini, umebakiza hatua moja tu, na hiyo hatua unaikimbia kwa sababu ya shamba. Mtu mwenye ILR akimaliza mwaka mmoja anaruhusiwa kuomba uraia. Wewe umemaliza zaidi ya kumi. Omba, apa, chukua paspoti, halafu nenda Pangani ukae hata miaka thelathini. Paspoti haifi kwa kukaa nje.

Kuhusu ardhi, Tanzania sasa imeweka hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Siyo uraia, sikatai, huwezi kupiga kura wala kugombea. Lakini mlango umefunguliwa kuliko zamani. Mimi nimechukua ya kule na kwetu Kigoma naingia na kutoka. Fikiria afya yako uzeeni, mkuu. Shemeji kasema kweli.

---

Mwana_Pangani

Nashukuru sana mkuu, na sikulaumu kwa uliyochagua. Ila mimi siwezi kula kiapo cha utii kwa nchi nikiwa tayari nimefunga sanduku la kuihama. Na shamba la urithi sitaki kulishika kwa kibali, hata kama kibali ni kizuri. Tumetofautiana hapo tu.

---

Mswahili_wa_Kisauni

Pole na safari ndugu yetu wa Pangani. Sisi huku Kenya, tangu Katiba ya 2010, twaruhusiwa uraia wa nchi mbili, kwa hivyo swali lako sisi halitukamati vile lawakamata nyinyi. Lakini lile la kwenda na kurudi nalijua, kwa sababu baba yangu mdogo alikuwa na ILR na hakutaka uraia wao kwa sababu zake.

Yeye alifungua duka la vipuri hapa Mombasa. Kila ukikaribia wakati wa kwenda "kuamsha karatasi", kama alivyokuwa akiita, miezi miwili kabla duka laanza kulegea. Pesa ya bidhaa yatolewa yaenda kwa tiketi. Kijana wa duka ajua mwenyewe hayupo. Akirudi akuta rafu tupu na madeni ya watu asiowajua. Alifanya hivyo miaka mingi mpaka akaishiwa na hamu ya hilo duka. Alipoacha kwenda, duka lilisimama. Sisemi ndiyo sababu peke yake, biashara ina mengi, lakini sisi nyumbani tuliona. Mwanzo tulimlaumu kijana. Lakini kijana alikuwa mwaminifu, ila hakuwa na mamlaka ya kukataa kuuza kwa mkopo mbele ya jamaa za tajiri wake. Mwenyewe aweza kukataa, kijana hawezi. Nakuambia hilo kwa sababu ya hao watu wako watatu wa nazi.

---

Mhasibu_Mstaafu

Bwana Mwana_Pangani, mimi sitaingia kwenye iwapo uiache au usiiache. Nimestaafu, nimefanya kazi ya hesabu Uingereza kwa muda mrefu na sasa niko Dar. Naona watu wanachanganya ILR na haki za pesa, na hapo ndipo wengi wanapoogopa bure au wanapopoteza bure.

Pensheni ya serikali ya kule haihusiani na ILR. Inahusiana na miaka uliyochangia National Insurance, yaani michango inayokatwa kwenye mshahara kule. Ukiwa na miaka 10 unastahili kitu, ukiwa na 35 unapata kamili, na katikati ni kwa uwiano. Kwa mtu aliyefanya kazi tangu 2004 bila kukatika, una zaidi ya nusu mkononi. Hiyo utalipwa hata ukiwa Pangani, hata ILR ikiwa imekufa zamani. Kwa umri wako ni ukifika miaka 67.

Lakini sikiliza hili, maana hawalitangazi kwa sauti: kwa anayeishi Tanzania, pensheni hiyo haipandi. Kiwango utakachoanza nacho ndicho utakachopokea mpaka mwisho. Anayeishi Leicester anaongezwa kila mwaka, wewe hapana. Katika miaka kumi au kumi na tano tofauti inakuwa kubwa, basi usiipangie bajeti kana kwamba itafuata bei za sokoni.

Unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari ukiwa nje ili kuongeza miaka. Zamani ilikuwa rahisi sana kwa kiwango cha Class 2, lakini kuanzia Aprili 2026 kiwango hicho kwa walio nje kimefutwa, kimebaki Class 3 chenye gharama kubwa zaidi, na masharti yameongezwa. Piga hesabu kabla ya kulipa. Kila mwaka mmoja unakuongezea moja ya thelathini na tano ya pensheni kamili, basi jiulize itakuchukua muda gani kurudisha ulicholipa.

Pensheni ya kazini ni jambo jingine tena. Sasa unaweza kuigusa ukifika 55, lakini kuanzia Aprili 2028 umri unapanda kuwa 57. Wewe una 53. Angalia tarehe yako ya kuzaliwa iko upande gani wa mstari huo, kwa sababu watu wa rika lako wapo watakaosubiri miaka miwili zaidi kwa kuchelewa wiki chache.

Ukiondoka jaza fomu ya P85 uwaarifu watu wa kodi. Mara nyingi aliyekatwa kodi kwenye mshahara akaondoka katikati ya mwaka wa kodi hurudishiwa chochote. Na usiifunge akaunti ya benki kwa pupa, ila uwaulize kwanza, kwa sababu benki nyingine hufunga akaunti ya asiye na anwani kule.

---

Mkunga_Chumbageni

Kaka yangu Mwana_Pangani, waalaikum salaam. Nimesoma maelezo yako jana usiku nikashindwa kujibu, nikayarudia leo asubuhi kabla ya zamu. Mimi ndiye unayemtafuta. Nilikuwa mkunga Birmingham, nilikuwa na ILR, nilirudi Tanga 2018, na niliiacha ikafa. Umesema tusikufiche, basi sikufichi.

Mwaka wa kwanza na mimi nilifikiri kama rafiki zako wa msikitini. Nilikwenda mara moja "kuihuisha". Nilivyoondoka, fundi aliyekuwa akinipigia lipu nyumba naye akaondoka. Nikirudi nakuta saruji imegandia kwenye mifuko. Kwenye kliniki nilikoajiriwa walitaka kunipa usimamizi wa wodi ya wazazi, lakini mganga mkuu akaniuliza kwa upole kabisa kama mwakani nitakuwepo. Sikuwa na jibu la kumpa. Akampa mwenzangu, na alikuwa na haki. Mwanamke mwenye ujauzito wa miezi mitano anataka kujua kwamba mkunga anayempima leo ndiye atakayemshika mkono siku ya uchungu. Nilipomwambia mganga mkuu kwamba siendi tena, ndipo kazi yangu hapa ilipoanza.

Kazi yenyewe haikuja kwa kupiga simu moja. Leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ilikuwa imelala miaka yote hiyo, nikaanza kufuatilia vyeti, barua za uthibitisho kutoka kule, na kusubiri. NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, vilevile. Kama huna namba ya NIDA shughulikia mapema, kwa sababu bila hiyo hata laini ya simu huwezi kusajili kwa jina lako, sembuse akaunti ya benki na mambo ya hati ya shamba.

Siku ILR ilipotimiza miaka miwili nilijua tarehe. Nilidhani nitaumwa na tumbo. Ilikuwa Jumanne, nilikuwa na mama wa mapacha mezani, na nilikumbuka tarehe hiyo kesho yake.

Iliponiuma ni baadaye. Mwanangu alipata mtoto wa kwanza Birmingham, nikaomba viza ya kutembelea kama mtu mwingine yeyote. Nilipeleka barua ya mwajiri, hati ya nyumba, taarifa za benki za miezi sita, na barua ya mwanangu. Nikapewa miezi sita, nikakaa wiki tatu, nikarudi. Lakini pale uwanjani nilisimama foleni ya wageni, na dirisha la pembeni naliona lile nililokuwa nikipita mimi. Nimezalisha watoto wa nchi ile usiku wa Krismasi, nikiwaacha wangu nyumbani, na afisa wa umri wa hao hao watoto ananiuliza nitakaa kwa nani na nitaondoka lini. Hakunikosea adabu. Aliniuliza anachotakiwa kuuliza. Ila nilivumilia mpaka nikafika kwenye gari la mwanangu, ndiyo nikalia. Usije ukadhani hutaisikia hiyo siku. Na ukienda kama mgeni kata bima ya safari, kwa sababu hospitali za kule mgeni asiye na haki anatozwa asilimia 150 ya gharama yenyewe.

Sasa la mama. Hapa naomba unisikilize kuliko pote. Baba mkwe wangu alipigwa na kiharusi akiwa Pangani, saa nane ya usiku. Kule ulikozoea unapiga namba tatu, wanakuja. Sisi tulimgongea jirani mwenye Noah, tukalaza kiti cha nyuma, tukamshika kichwa mpaka hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Alipona kiasi, anatembea kwa mkongojo. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia watu wanaorudi na wazee wenye sukari na presha: shamba liwe Pangani, sawa, lakini tafuta hata chumba kimoja Tanga mjini, karibu na Bombo, na uwe na gari lako linalowaka usiku. Mama akianza kubadilika unahama naye mapema, usisubiri kuche. Mashine ya kupima presha na ya sukari uje nazo, na vijiti vya kupimia uulize kwanza aina inayopatikana hapa. Vya kule vikiisha, mashine inabaki mapambo.

Na la ndugu. Uliyekuwa ukituma pesa kila mwezi, sasa utakuwa unaonekana kila siku. Miezi ya mwanzo walikuja kwangu asubuhi kabla sijapiga mswaki. Sikuweza kumkatalia mtu mmoja mmoja, nilikuwa namaliza akiba. Nikamwendea mjomba wangu mkubwa nikamweka wazi: nina mshahara wa hapa sasa, nitasomesha watoto wawili wa marehemu kaka, na dawa za bibi, mengine siwezi. Mjomba akaita kikao siku ya Ijumaa baada ya sala, akalitangaza yeye. Ningelisema mimi ningeitwa mchoyo mpaka leo. Alilisema yeye, likawa neno la ukoo. Kama baba yako mkubwa au mjomba yupo hai, anza naye kabla hujapanda ndege.

Ukiniuliza kama ningeiacha tena, ningeiacha. Wanawake wa huku wananifahamu kwa jina na wananiletea watoto wao barabarani niwaone wamekua. Birmingham nilikuwa mkunga mzuri, lakini mama akishajifungua hatuonani tena. Wifi yangu wa Leicester mpe muda wake. Mume wangu naye alishika ya kwake mpaka alipokuja mwenyewe akaona.

---

Mtoto_wa_Barking

Dada Mkunga, hiyo ya foleni ya wageni imenigusa. Bado msimamo wangu ni ule ule, lakini nimekuelewa.

---

Mwana_Pangani

Mzee wangu Mhasibu, shikamoo. Sikujua kabisa habari ya pensheni kuganda. Nilikuwa nimeipigia hesabu ikipanda, na nilishamwambia mke wangu kiasi. Jana tumekaa mezani tukafuta tukaandika upya. Tarehe yangu ya pensheni ya kazini nimeiangalia pia, nimo kwenye kundi la kusubiri hadi 57. Basi nimejua. Class 3 tumeona nisilipe sasa. Hiyo pesa nitachimbia kisima shambani.

Ndugu wa Kisauni, hilo la kijana asiye na mamlaka ya kukataa limenifungua macho. Msimamizi wangu nimemjua tangu utotoni na siku zote nilikuwa najiuliza kama ananiibia. Nilipomuuliza kwa utulivu, akaniambia mnunuzi ni mtoto wa shangazi yangu, huchukua nazi mia kwa ahadi ya kulipa kesho, na yeye hana uso wa kumkatalia. Kumbe mia moja katika zile zilizopotea nimezikopesha mimi mwenyewe bila kujua.

Dada yangu Mkunga, Mungu akulipe. Mke wangu nimemsomea yote uliyoandika, yeye anakata vitunguu. Pale pa mtoto wa kwanza aliacha kisu. Hakusema kitu kwa muda, kisha akaniuliza Bombo iko umbali gani na Pangani. Nikamwambia kama kilomita hamsini. Akasema, "Basi hicho chumba cha Tanga ndiyo sharti langu la kwanza." Amekubali mimi niache ya kwangu, yeye ashike ya kwake mpaka mwaka wake wa kubaki uishe, kisha ataamua mwenyewe. Sikumbishia. Na ni sawa, kwa sababu mtoto wa mwisho akipata shida wiki hii au wiki ijayo, mmoja wetu awe anaweza kuwa naye bila kuomba viza.

Mimi sitakwenda kuihuisha. Nikienda Uingereza nitakwenda kuwatembelea wanangu na nitamwambia afisa hivyo hivyo. Baba mkubwa yupo hai, anakaa Mkwaja, nimeshampigia kuhusu kikao. Alicheka sana, akasema angeniita yeye kama ningechelewa.

Nina swali moja limebaki, na hili ni la yeyote aliyepitia forodha. Nina Toyota Corolla, naimiliki mwaka wa tatu huu, usukani uko kulia kama wa kwetu. Na nataka kuleta friji, kitanda cha mama cha kunyanyuka, na vifaa vyangu vya ufundi. Nisikie nini kuhusu ushuru?

---

Mkunga_Chumbageni

Alhamdulillahi. Mwambie wifi yangu namsalimia, na akija nitamwonyesha Tanga mimi mwenyewe.

La forodha nimelipitia. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamsamehe ushuru anayehamisha makazi: vyombo vyake vya nyumbani alivyokwisha kuvitumia, na gari moja alilolimiliki na kulitumia kule kwa angalau miezi kumi na miwili. Lako limetimiza muda huo. Lakini kadi ya gari lazima iwe na jina lako, siyo la mke wala la mtoto. Tunza bima za miaka hiyo, risiti za matengenezo na karatasi za ukaguzi wa kila mwaka, kwa sababu watataka kuona kwamba ulikuwa ukiliendesha kweli. Msamaha ni wa ushuru, gharama za bandari na usajili utalipa.

Kingine, mizigo inatakiwa ifike ndani ya siku tisini tangu wewe mwenyewe ulipoingia nchini. Ukipitiliza unaomba uongezewe muda, na hapo unaanza kuandika barua. Kwa hiyo usipakie kontena halafu ukaahirisha safari yako, wala usifike halafu ukaanza kufikiria kontena. Andika orodha ya kila kitu boksi kwa boksi, uandike kwamba kimetumika. Vifaa vya ufundi viorodheshe peke yake, vikiwa vipya kwenye maboksi yake wataona ni biashara. Kitanda cha mama kiandikie barua ya daktari wake wa hapa, dada yako aende akaichukue wiki hii, ikutangulie kwa wakala wa forodha kabla meli haijatia nanga.